Milango Kumi na Minne ya Ellery

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika chache, Mzee Peterson alishuka ngazi kutoka chumbani kwake akafungua duka ambalo halikuwa na wateja tangu mwaka themanini na nne. Alilifungua kwa heshima zote. Alivuta pazia la dirishani, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke kwamba pamefunguliwa, akafunga aproni yake ya kijivu, kisha akasimama kizingitini kuutazama mtaa. Bupe alisimama hatua moja nyuma yake, mkono tayari, maana mtu wa miaka themanini na sita akiyumba hakuna nafasi ya kufikiri.

"Tramu ya saa mbili na robo imeshapita?" mzee aliuliza.

"Bado, Mzee," Bupe akajibu. "Inakuja."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaingia ndani kupanga misumari.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku ya Mungu kwa miaka miwili, na afadhali nikwambie mapema usije ukaketi kuingoja na wewe: tramu yenyewe, lile gari la abiria la relini, ilipita mji huu mdogo wa Ellery mara ya mwisho mwaka hamsini na nane, kabla Bupe hajazaliwa. Sasa ulikuwa mwezi wa tano wa mwaka tisini na nane. Katika mtaa ule yalikuwa yakipita magari tu, tena kwa kasi, watu wake wakielekea Riverdale au Hyattsville au mjini Washington, wala hakuna aliyegeuza shingo.

Lakini usimwite Bupe mwongo haraka hivyo. Siku ya kwanza alipokuja hakujua. Alikuwa mgeni Marekani, ametoka Tukuyu, anapanda mabasi mawili kutoka Langley Park kuja kumwogesha na kumpikia mzee wa watu, na mzee alipomuuliza habari za tramu alidhani ni aina ya basi. Katika nchi hii kila kitu kilikuwa na ratiba na kila kitu hatimaye kilifika. Akasema bado, inakuja. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu vilevile. Baridi ya kwanza ilipokwisha, lami ya barabara ilibanduka, na katika shimo moja mbele ya duka Bupe aliona chuma kinang'aa. Akachuchumaa akakigusa. Kilikuwa kipande cha reli, kimefukiwa kama mtu anavyofukia kitu asichotaka kuulizwa.

Hapo akaelewa. Ila kufikia siku hiyo alikuwa ameshasema "inakuja" mara zisizohesabika, na kwao mtu mzima hakatwi tamaa usoni. Ukiulizwa na mkubwa jambo ambalo jibu lake linauma, unasema bado, unasema tutaona, unamwachia mlango wazi. Ndivyo alivyolelewa, na malezi hayaachwi uwanja wa ndege. Akaendelea.

Na kusema kweli, alikuwa ameanza kuipenda hiyo tramu.

Kwa sababu mzee akikaa kwenye pipa lake la misumari na kuanza kusimulia, mtaa uligeuka. Asubuhi za ukungu hasa. Pale palipokuwa na uwanja mtupu wenye magugu, Bupe alisikia harufu ya mkate, maana huo ulikuwa mlango wa kwanza, wa mwokaji Mjerumani aliyeamka saa tisa usiku. Mlango wa pili, kinyozi. Wa tatu, benki yenye nguzo mbili ambazo mzee alisema zilikuwa za mbao zilizopakwa rangi zifanane na jiwe, na rangi hiyo aliiuza baba yake. Wa nne, duka la dawa. Wa tano, fundi viatu. Wa sita lilikuwa hili lao, duka la misumari, bawaba, makomeo, rangi, kamba na mbegu za bustani, lililofunguliwa na baba yake mwaka wa elfu moja mia tisa kumi na moja. Wakaendelea hivyo hadi mlango wa kumi na nne, sinema, ambayo taa zake zilionekana tangu kituoni.

"Siri ya mji ilikuwa miguu," Mzee Peterson alimwambia. "Kituo kipo juu kule, nyumba zipo chini huku. Jioni tramu inashusha makarani wa serikali, watu sitini, wote na kofia. Kila mmoja lazima apite milango kumi na minne kabla hajafika kwa mkewe. Huwezi kupita milango kumi na minne kila jioni usikumbuke kitu unachohitaji."

Bupe alilichukua neno hilo akarudi nalo Langley Park. Ndani ya basi, kichwa kikigonga kioo kwa usingizi, aliziona kofia sitini zikishuka kilima. Watu hawakuwa na sauti. Mmoja alikuwa na mkate kwapani, mwingine amefungiwa bawaba mbili katika karatasi ya kaki, na wote walikuwa na haraka ya polepole ya watu wanaojua kwamba wanasubiriwa. Mara nyingine alishtuka akakuta amepitiliza kituo chake, basi limefika Adelphi, naye bado anatabasamu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu anayeishi na mwenzake katika chumba kimoja na sebule, mbali na kila aliyemzaa, halafu mji pekee aliokuwa akiujua mlango kwa mlango katika Marekani nzima ulikuwa mji usiokuwepo. Ungemcheka. Yeye mwenyewe alijicheka.

Isipokuwa mlango wa tisa. Huo ulikuwa mgahawa, na mzee alikuwa akiusifia pai yake ya tufaha, kisha akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema kesho kutanyesha, "Ila wewe hapo wasingekuhudumia, mtu mweusi."

Bupe akauliza, "Na hapa kwako, Mzee?"

"Hapa ningekuuzia," mzee akasema. "Dirisha la nyuma."

Hakuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo lililouma zaidi. Bupe alipanda juu akaosha vyombo vilivyokuwa safi, akavipanga, akaviosha tena. Kwa wiki nzima, alipouhesabu mtaa ndani ya basi, aliruka kutoka mlango wa nane hadi wa kumi. Baadaye akaurudisha wa tisa mahali pake, kwa sababu ulikuwapo, na kuuficha kusingemsaidia yeye wala mtu mwingine.

Habari ya jinsi mji ulivyokufa hakuipata kwa mzee, maana mzee hakuwa amefika huko. Kichwani mwake ilikuwa bado miaka ya arobaini. Aliyemwambia ni Cheryl, binti yake, mama wa miaka hamsini na minane aliyekuwa karani wa shule huko Bowie na aliyekuja kila Jumatano na uso wa mtu asiyelala vizuri. Cheryl alisema kwanza watu walinunua magari. Gari linamtoa mtu ofisini linamfikisha uani kwake, halipiti mlango wowote. Tramu ikaondolewa. Mwaka uliofuata likajengwa jumba kubwa la maduka penye mashamba, maegesho bure. Kisha barabara ya kuuzunguka mji. Kisha maghala yanayouza bawaba tatu ndani ya plastiki, upende usipende tatu.

"Watu hupenda kusema tuliuawa," Cheryl alisema. "Gauni langu la harusi nililinunua kwenye jumba lile. Baba ndiye aliyenipeleka. Akajinunulia na shati."

Jumatano ya mwezi huo wa tano Cheryl alikuja na jambo. Jengo lilikuwa limeuzwa. Mtaa mzima, au kilichobaki, ungebomolewa ili lijengwe duka moja kubwa lenye sehemu ya kuegesha magari mbele. Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, ndio ungekuwa mwisho wa kukaa humo. Kule Bowie alikuwa amemtayarishia baba yake chumba cha chini chenye dirisha la bustani, na Bupe angekwenda naye, kazi ileile. Kilichobaki ni mzee kukubali kutoka.

Na hapo ndipo palipokuwa na kigingi. Mwezi wa pili walijaribu kumchukua, vijana wawili wenye nguvu na maneno mazuri, mzee akakumbatia nguzo ya mlango akapiga kelele kwamba tramu iko njiani na duka haliwezi kuachwa. Alianguka, mkono ukateguka. Safari hii daktari alikuwa ameshatoa idhini: akikataa, atachomwa sindano ya kumlegeza, afungwe mikanda kwenye kiti, abebwe.

"Kwa nini anaing'ang'ania hiyo tramu?" Cheryl aliuliza, macho mekundu. "Hakuwa hivi. Miaka miwili hii kila siku inakuja, inakuja. Nani anamwambia inakuja?"

Bupe angeweza kutazama pembeni. Akasema, "Mimi."

Cheryl alimkodolea macho. Kisha akakaa kwenye ngazi na kucheka kicheko kibaya, kisicho na furaha hata chembe. "Yaani nimekuwa nikikulipa umfungie baba yangu humu ndani."

"Nilikuwa namheshimu."

"Basi mheshimu kwa kumwambia kweli. Wewe anakusikiliza. Umefungua mlango huo, uufunge wewe. Sitaki baba yangu atoke nyumbani kwake amefungwa kama mzigo."

Bupe naye hakutaka. Alimwona tayari: mikanda kifuani, aproni ya kijivu imejikunja, macho yake yanamtafuta yeye amwambie bado. Usiku ule akayapeleka nyumbani Langley Park.

Chebet, mwenzake wa chumbani, alikuwa Mkalenjin wa Kericho na muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, mtu wa kusema mambo yalivyo. Alikunja miguu kwenye kochi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Aki Bupe, wewe ndio ulimuingiza kwa hii shida," alisema. "Si um-tell tu direct? Mzee, tramu ilistop, period. By the way, hao wagonjwa uki-wa-explainia kitu leo, kesho washasahau. Mimi huona hiyo maneno kila shift."

"Nimwambie amesimama pale mlangoni, mimi na yeye tu, halafu niende kukaanga mayai?"

Chebet akashusha miguu, akatafuta viatu. Hata Kericho habari kama hiyo haipelekwi hivyo.

Wakaenda kwa Mzee Khalfan. Huyu alikuwa mtu wa Pangani, makamo ya miaka sitini, mwenye kibanda cha tiketi katika maegesho ya magari mjini, na mwenye majivuno yake madogo kuhusu kofia zake za kiua. Lakini alikuwa na kazi nyingine asiyolipwa. Simu ikija kutoka nyumbani kwamba baba wa fulani amefariki, haipigwi kwa fulani. Inapigwa kwa Khalfan. Yeye ndiye anayejua fulani anatoka kazini saa ngapi, amekula au hajala, nani wa kumkalisha kulia na nani kushoto. Alikuwa ameshawapasulia Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Langley Park habari ambazo mtu hamwombei adui.

Alisikiliza habari ya tramu, akavua miwani akaifuta.

"Ati kafiwa miaka arobaini, na hakuna aliyemwambia?"

"Hakuna, Mzee."

"Na mji mzima? Na hao waoka mikate?"

"Wote."

"Hao wenziwe hawana watu?" Khalfan akasema kwa hasira ya kweli. "Basi sikiliza, mwanangu. Kwanza ashibe. Haambiwi mtu msiba ana njaa. Kisha akae kitako. Kisha asiwe peke yake, na watu wasiondoke upesi. Na huanzi na kifo, waanza na homa. Chebet asema atasahau. Asahau, asisahau, hilo si letu. Letu ni kumkalia."

Jumapili walikuja. Bupe alitarajia watu watano. Walikuja kumi na saba, moja kwa moja kutoka makanisani na wengine kutoka majumbani, na nguo zao za maana: suti, vitenge vilivyopigwa pasi, vilemba vya Wakongo vilivyosimama wima, na kofia. Method dereva wa teksi alileta watu safari mbili. Mama Sikujua wa Bukavu aliingia na beseni la maandazi limefunikwa kitambaa.

"Bon, mimi naleta beignets," alisema. "Hata kama mufu ni tramu, watu watakula."

Waliingia mlango wa mbele, wote. Viti havikutosha. Wakakaa juu ya mapipa ya misumari, juu ya makopo ya rangi, kwenye ngazi, na Chebet akakaa juu ya kaunta yenyewe, chupa ya chai mapajani. Vumbi liliinuka likaning'inia katika mwanga wa dirisha. Mzee Peterson alisimama katikati na aproni yake, macho yamemtoka, mikono haijui iende wapi. Halafu ikajua. Akaanza kuwauliza wanahitaji nini. Method, ambaye kweli mlango wa kabati lake ulikuwa umelegea, akaomba bawaba moja. Moja tu, siyo tatu. Mzee alipanda ngazi ndogo, Bupe akimshika kiuno, akaishusha kutoka katika boksi lililoandikwa kwa mkono wa baba yake, akaifunga kwenye karatasi ya kaki na kukaza uzi kwa meno.

Akalishwa. Akala andazi zima na kikombe cha chai ya tangawizi. Akaketishwa, Chebet kulia, Mama Sikujua kushoto. Khalfan akavuta pipa akakaa mbele yake, akakohoa.

"Mzee mwenzangu," alianza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "tumekuja kwa sababu ya ile tramu. Haikuwa na afya kwa muda."

Mzee akakunja uso. "Breki?"

"Breki, na mengine. Watu walipungua. Walimuita mganga baada ya mganga."

Ungedhani mtu angecheka. Hakuna aliyecheka. Khalfan aliipandisha homa polepole, siku baada ya siku, kama alivyozoea, kisha akamtazama Bupe, maana neno la mwisho lilikuwa lake.

Bupe akapiga magoti akaishika mikono ya mzee. "Mzee, tramu haiji. Ilipita mara ya mwisho mwaka hamsini na nane. Mimi nilikuwa nakwambia inakuja kwa sababu sikutaka uumie. Nisamehe."

Mzee aliutazama mlango.

"Na mwokaji?" akauliza.

"Mwokaji alifunga mwaka wa sitini na moja. Akaenda kwa mwanawe."

"Kinyozi?"

Basi ikabidi aupitie mtaa wote. Kile alichokusanya kwa mzee kwa miaka miwili na alichokiokota kwa Cheryl, alikirudisha mlango kwa mlango, na baada ya kila mlango akasubiri. Benki ilihamia kwenye jumba kubwa. Duka la dawa liliungua. Fundi viatu alikufa na hakuna aliyetaka kurithi, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kutupa viatu. Alipofika mlango wa tisa hakuuruka. Akausema na wenyewe: mgahawa ulifungwa mwaka wa sitini na sita, mwenyewe alipoona afadhali aufunge kuliko kumhudumia kila mtu. Akaendelea mpaka sinema na taa zake.

Mzee Peterson akalia. Alilia kama wanaume wazee wanavyolia, bila kujificha, mabega yakienda juu na chini. Na hapo Mama Sikujua akaangua kilio, naye hakuwa ameijua Ellery hata saa tatu zilizopita. Chebet akafuata, aliyekuja na moyo wake mgumu. Chumba kizima kikalia. Nani asingelia? Mle ndani hapakuwa na mtu ambaye hakuwa amezikiwa mama au baba au ndugu kwa simu, akiwa amesimama jikoni kwa mtu, kesho yake kazini kama kawaida. Bupe mwenyewe, bibi yake alizikwa Tukuyu yeye akiwa anabadilisha shuka za Ellery. Walikuwa na kilio cha miaka mingi na hatimaye wamepata pa kukiweka.

Mzee alipoona wanavyolia alinyamaza. Aliinuka akazunguka chumba polepole, Bupe akiwa kando, akampa mkono kila mmoja na kumwambia pole sana, pole sana. Watu walikaa naye mpaka jua likahama dirishani. Hakuna aliyeaga haraka.

Jumatatu Bupe alifika mapema. Gari la Cheryl lilikuwa limeshafika, na nyuma yake gari jingine lenye muuguzi na vijana wawili. Kiti chenye mikanda kilikuwa kimeshashushwa kwenye lami.

Mzee Peterson alikuwa chini dukani. Amejinyoa mwenyewe, amejikata kidogo kidevuni, macho yanameta.

"Ilikuja jana," alisema.

Bupe akamsogelea. "Nini, Mzee?"

"Tramu! Ilikuja imejaa. Uliwaona? Kofia zile! Walijaa humu ndani mpaka wakakaa juu ya kaunta. Sijaona watu hivyo tangu vita viishe. Niliuza bawaba." Akamshika mkono. "Niambie kama nimeota. Walikuja?"

Cheryl alikuwa mlangoni, amesikia yote. Ni yeye aliyedai ukweli. Bupe alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane walitazamana kama ndugu walio nje ya chumba cha mgonjwa. Cheryl akainamisha macho, akamwachia.

"Walikuja, Mzee," Bupe akasema. "Kumi na saba. Walipita mlango wa mbele wakakaa kila mahali."

Hakukuwa na uongo hata neno moja.

"Vizuri," mzee akasema. "Nilikuwa naogopa kufunga duka siku ambayo hakuna mtu." Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kaunta. Akageuza kibao. Akavaa kofia, akazima taa. Nje alifunga mlango kwa funguo mbili, akazijaribu kama zimeshika, akampa Cheryl zote bila kuulizwa, kisha akashika mkono wa Bupe na kuelekea kwenye gari, akikipita kile kiti cha mikanda bila kukiangalia.

Akiwa ameshika mlango wa gari alisita.

"Wale akina mama walikuwa wanalia," alisema. "Nani alikufa?"

"Jirani, Mzee," Bupe akasema. "Jirani wa siku nyingi."

Mzee akafikiri. Akavua kofia. "Mimi niliwapa pole?"

"Uliwapa. Mmoja mmoja."

"Vizuri," akasema Mzee Peterson, akainama, akaingia garini kwa miguu yake mwenyewe.